Daftari la Sauti: Kitabu cha Mark Lewisohn juu ya Sahani za The Beatles

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili lilielekezwa kwa mwenye duka, lakini maana yake haikuishia dukani. Sauti ya mwanadamu nayo ni mali, tena ni mali nyepesi kupita zote. Hutoka kinywani, ikapita masikioni, ikatoweka hewani. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 vimekuwako vyombo vya kuinasa, na watu wengi hudhani kwamba sauti iliyokwisha kunaswa imeokoka. Dhana hiyo ina kasoro. Sahani ya santuri isiyojulikana ilipigwa siku gani, wapi, wala na nani, ni kama waraka wa kale uliokatika mwanzo na mwisho: maneno yamo, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Kinachoifanya sauti kuwa hoja katika historia ni daftari lililoandikwa kando yake.

Kwa sababu hiyo, wanachuoni wa lugha na wa historia watapata faida kubwa katika kitabu ambacho kwa jina lake chaonekana kuwahusu wapenzi wa muziki peke yao. Kitabu hicho ni The Complete Beatles Recording Sessions, kazi ya Mwingereza Mark Lewisohn, kilichopigwa chapa mjini London katika mwaka wa 1988. Ni kitabu cha marejeo, yaani kitabu cha kutafutia jambo zaidi ya kusomwa mfululizo. Chaeleza, siku baada ya siku, kazi waliyoifanya The Beatles katika studio za kampuni ya EMI tangu mwezi wa Juni 1962 hata mwaka wa 1970. Kila siku ina kichwa chake: tarehe, chumba, saa ya kuanza na ya kumaliza, nyimbo zilizopigwa, hesabu ya majaribio ya kila wimbo, na majina ya msimamizi na mafundi waliokuwako. Chini ya kichwa hicho ndipo yafuatapo maelezo, na baina yake zimetiwa picha za karatasi na za masanduku ya mikanda, ili msomaji aone kwa macho yake asili ya habari.

The Beatles wenyewe hawahitaji kuelezwa kwa urefu. Walikuwa vijana wanne wa mji wa bandari wa Liverpool: John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr. Bendi yao ilikomaa katika vilabu vya Liverpool na vya Hamburg, Ujerumani. Ikakataliwa na kampuni ya Decca katika mwaka wa 1962. Ikapokewa na George Martin, msimamizi wa Parlophone, tawi dogo la EMI. Na kabla ya miaka miwili kupita sifa yake ilikuwa imeenea duniani. Linalohusu mazungumzo haya ni kwamba sifa ile iliotesha msitu wa hadithi. Kila aliyewahi kukaa karibu nao alikuwa na habari ya kusimulia, na habari zikapokezanwa kutoka kitabu hata kitabu, mpaka ikawa shida kutenga lililotokea na lililosemwa tu. Lewisohn aliuingilia msitu huo kwa karatasi.

Karatasi zile zilitokana na desturi za mahali penyewe. Studio za EMI, nambari 3 Abbey Road, katika mtaa wa St John's Wood, London, zilifunguliwa mwezi wa Novemba 1931, mwaka ule ule ilipoundwa EMI kwa kuunganishwa Gramophone Company na Columbia. Ilikuwa nyumba ya nidhamu. Siku iligawanywa katika vipindi vitatu: saa nne asubuhi hata saa saba, saa nane u nusu hata saa kumi na moja u nusu, na saa moja ya usiku hata saa nne. Mafundi wa mitambo walivaa makoti meupe kama waganga wa hospitali. Kijana aliyewekwa kuendesha mashine ya mkanda alikuwa na kazi ya pili, kazi ya ukarani: kila wimbo ulipopigwa aliandika jina lake, nambari ya jaribio, na kama jaribio lilifika mwisho au lilikatika njiani. Kijana huyo hakuwa na nia ya kuandika historia. Aliandika ili mkanda utakapotakiwa kesho upatikane bila taabu. Na hapo ndipo ulipo uzito wa ushahidi wake, kwani karatasi zile hazikuandikwa kumsifu mtu wala kumlaumu, wala hazikungoja miaka ishirini ipite ndipo ziandikwe.

Hata hivyo mikanda na karatasi zilikaa muda mrefu pasipo mtu wa kuzipitia zote pamoja. Aliyeanza kazi hiyo kwa utaratibu alikuwa fundi wa studio ile ile, John Barrett. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alishikwa na maradhi ya saratani, na katika muda wa matibabu akapewa kazi ya kumshughulisha: kusikiliza mikanda ya The Beatles na kuorodhesha yaliyomo. Aliifanya kwa uangalifu mkubwa. Katika mwaka wa 1983 watu wa nje waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuingia katika chumba cha pili cha studio, ambamo bendi ile ilifanya sehemu kubwa ya kazi yake, wakasikilizishwa baadhi ya mikanda. Barrett alifariki kabla kitabu hakijaandikwa. Lewisohn alipopewa ruhusa na EMI ya kusikiliza hazina ile, ruhusa ambayo mwandishi wa nje hakuwahi kupewa kabla yake, alikuta njia imekwisha fyekwa na mtu mgonjwa aliyetaka kumaliza orodha yake. Wenye kutunga kamusi na kupanga miswada wanaijua kazi ya namna hii, isiyo na sifa, ambayo bila yake vitabu vyenye sifa havipatikani.

Lewisohn alitumia mashahidi wa namna tatu. Wa kwanza ni karatasi. Wa pili ni mkanda wenyewe, aliousikiliza kwa masikio yake. Wa tatu ni watu, akina Norman Smith, Geoff Emerick, Ken Scott na Ken Townsend, mafundi waliokuwamo vyumbani, pamoja na wapiga ala waliokodiwa kwa siku moja tu wakaenda zao. Kila shahidi ana udhaifu wake. Karatasi husema lilitokea nini, haisemi kwa nini. Mkanda hutoa sauti, lakini hauonyeshi nani alikuwa amekaa kimya pembeni. Mtu hukumbuka kwa nini, lakini husahau lini, na mara nyingi huchanganya siku mbili zikawa moja. Ustadi wa kitabu ni kuwaweka mashahidi hawa watatu pamoja na kumwuliza kila mmoja lile analoliweza.

Mfano mwema ni wimbo wa kwanza waliotolea sahani kwa EMI, "Love Me Do". Kwa miaka mingi palikuwa na ubishi kama Ringo Starr alipiga ngoma katika wimbo huo au hakupiga. Ukweli ni kwamba wimbo ulinaswa siku tatu mbali mbali. Tarehe 6 Juni, 1962, mpiga ngoma alikuwa Pete Best, ambaye aliachishwa baadaye. Tarehe 4 Septemba alikuwa Ringo. Tarehe 11 Septemba George Martin na wenzake, kwa kuwa hawakuridhika, walimkodi mpigaji mwingine, Andy White, na Ringo akapewa tari. Sahani ya kwanza iliyouzwa mwezi wa Oktoba 1962 ilitumia mkanda wa tarehe 4; sahani kubwa ya mwaka wa 1963 ilitumia ule wa tarehe 11. Basi aliyesema kuwa Ringo alipiga ngoma na aliyesema kuwa hakupiga wote wawili walisema kweli, kila mmoja juu ya sahani aliyokuwa nayo mkononi. Alama ya kuzitenga ni tari: panaposikika tari, mwenye ngoma ni White. Ubishi wa namna hii wanachuoni wa tenzi wanaujua sana, pale wawili wanapopingana juu ya ubeti mmoja hali kila mmoja anasoma nakala yake.

Wimbo huo unafundisha jambo la pili, la huzuni kidogo. Mkanda wa asili wa tarehe 4 Septemba haukuhifadhiwa. Ilipotakiwa baadaye kuutoa tena wimbo ule kama ulivyouzwa mara ya kwanza, kampuni ililazimika kunakili kutoka katika sahani ya zamani. Kampuni tajiri, yenye ghala na makarani, ilipoteza asili ya wimbo wa kwanza wa bendi iliyoiletea fedha nyingi. Na yaliyobaki ni nakala, pamoja na maandishi yasemayo kuwa asili ilikuwako. Pasipokuwa na maandishi hayo hata upotevu wenyewe usingejulikana.

Mahali pengine kitabu hupunguza hadithi bila ya kuiua. Husemwa kwamba sahani kubwa ya kwanza, "Please Please Me", ilinaswa kwa siku moja. Siku yenyewe ni tarehe 11 Februari, 1963. Nyimbo za sahani ile ni 14; nne zilikuwa zimekwisha kutolewa katika sahani ndogo, na kumi zilizobaki ndizo zilizonaswa siku ile, tangu saa nne asubuhi hata saa tano kasoro robo ya usiku. Husemwa pia kwamba wimbo wa mwisho, "Twist and Shout", uliomkwaruza Lennon koo, ulipigwa mara moja tu. Karatasi yaonyesha majaribio mawili. La kwanza ndilo lililotumika, kwa kuwa katika la pili sauti ilikuwa imekwisha. Hadithi imepungua kidogo, lakini siku ile imekuwa ya ajabu zaidi kwa sababu sasa yaaminika.

Kadiri miaka ilivyopita kazi ilibadilika, na daftari nalo likabadilika. Hapo awali mkanda ulikuwa wa njia mbili, na kila jaribio lilikuwa ni wimbo mzima uliopigwa na watu wote kwa pamoja. Tarehe 17 Oktoba, 1963, The Beatles walianza kutumia mkanda wa njia nne, yaani mkanda uliogawanywa kwa urefu wake mistari minne, kila mstari ukinasa sauti zake mbali. Baadaye, njia nne zilipojaa, mafundi walizichanganya na kuzihamisha katika mkanda mwingine ili kupata nafasi, na nakala hiyo nayo ikapewa nambari mpya ya jaribio. Kwa hivyo neno moja katika daftari moja lilikuwa na maana moja mwaka wa 1963 na maana nyingine mwaka wa 1967. Anayehesabu nambari bila kujua jambo hili atadhani kwamba bendi ilipiga wimbo mara nyingi kuliko ilivyopiga. Lewisohn aeleza mabadiliko hayo yanapotokea. Mtu wa lugha ataona hapo somo analolifahamu: karani habadilishi neno lake kwa sababu tu kitu anachokiita kimebadilika.

Katika miaka ile ya katikati ndipo kitabu kina utajiri zaidi. Wimbo wa "Yesterday" ulinaswa tarehe 14 Juni, 1965, kwa majaribio mawili tu, McCartney akiwa peke yake na gitaa. Fidla na wenziwe, wapigaji wanne, waliongezwa tarehe 17. Katika jaribio la kwanza mwimbaji alipindua mistari miwili ya shairi lake mwenyewe, la mbele akaliimba nyuma. Katika "Eleanor Rigby", tarehe 28 Aprili, 1966, wapiga ala walikuwa wanane wa fidla na jamaa zake, wala hakuna hata mmoja wa The Beatles aliyeshika chombo. "Strawberry Fields Forever" wa mwisho wa mwaka huo ni majaribio mawili, la 7 na la 26, yaliyotofautiana kwa mwendo na kwa kima cha sauti, yakaunganishwa kwa kupunguza na kuongeza kasi ya mashine. Na "A Day in the Life" ulianza tarehe 19 Januari, 1967, ukiwa na pengo katikati ambalo halikujulikana litajazwa nini. Msaidizi wa bendi, Mal Evans, akawekwa kuhesabu vipimo 24 kwa sauti na kutega saa ya kuamshia ilie pengo linapokwisha. Pengo lilijazwa tarehe 10 Februari na wapigaji 40.

Wapigaji hawa wa kukodiwa ndio waliopata haki yao katika kitabu. Tarumbeta ndogo ya "Penny Lane" ilisikiwa na mamilioni ya watu. Katika kitabu yajulikana kwamba mpigaji alikuwa David Mason, na siku yake ilikuwa tarehe 17 Januari, 1967. Pembe ya shaba katika "For No One" ni ya Alan Civil, tarehe 19 Mei, 1966. Vivyo hivyo kutokuwapo kwa mtu kumeandikwa. Mwezi wa Agosti 1968 Ringo aliondoka kwa siku kadha, na ngoma za "Back in the USSR" zikapigwa na wenzake. "The Ballad of John and Yoko", tarehe 14 Aprili, 1969, ulipigwa na wawili tu, Lennon na McCartney. Sahani yenyewe husema The Beatles. Daftari husema nani.

Kwa wahariri wa tungo za zamani sehemu yenye faida kubwa ni ile ya nakala mbili za kila wimbo. Katika miaka ile nyimbo zilitolewa kwa namna mbili, mono kwa mashine za kawaida na sterio kwa mashine za watu wachache. Bendi ilishughulika na mono. Sterio mara nyingi iliachiwa mafundi waifanye siku nyingine. Matokeo yake ni kwamba nakala hizi si ndugu pacha. "She's Leaving Home" katika mono huenda kasi kuliko katika sterio. "Helter Skelter" katika sterio hurefuka na kumalizikia kwa ukelele wa Ringo, na ukelele huo haumo katika mono. Kwa kuwa kitabu chataja siku ya kila mchanganyo, mtafiti aweza kujua nakala ipi ilitangulia na ipi ilisimamiwa na wenye wimbo. Hili ndilo swali la kwanza la kila anayelinganisha miswada ya utendi mmoja kutoka Lamu na Mombasa: nani alinakili, lini, mbele ya nani?

Kurasa za mwisho zafaa kusomwa polepole. Tarehe 20 Agosti, 1969, wote wanne walikuwa pamoja katika studio ya Abbey Road, wakimaliza wimbo mmoja na kupanga taratibu ya nyimbo katika sahani yao. Karatasi ya siku hiyo haina tofauti na karatasi nyingine. Lakini wanne hao hawakukaa tena pamoja katika studio. Tarehe 3 Januari, 1970, watatu walinasa "I Me Mine", Lennon hayupo; na tarehe 1 Aprili Ringo peke yake alikuwa na wapigaji wa kukodiwa. Mwandishi wa hadithi angeweka machozi siku ya tarehe 20 Agosti. Karani hakuweka, kwa kuwa hakujua. Na kutojua kwake kwamwonyesha msomaji, kuliko maneno mengi, jinsi mwisho wa jambo ufikavyo bila ya kutangazwa.

Kitabu kina mipaka yake. Chahusu kazi ya EMI. Sahani walizopiga Hamburg katika mwaka wa 1961 pamoja na Tony Sheridan, na nyimbo nyingi walizopiga kwa ajili ya redio ya BBC, zataka kutafutwa penginepo. Mikanda ya wapiga sinema ya Januari 1969 haikuwa katika ghala lile. Habari za mitambo ni fupi, na mwenye kuzitaka azitafute katika kazi kubwa ya Kevin Ryan na Brian Kehew ya mwaka wa 2006. Aidha kitabu kiliandikwa kwa idhini ya kampuni, na mgeni aliyekaribishwa ghalani huona yale anayofunguliwa. Yako pia yaliyogunduliwa baadaye: "Love Me Do" ya tarehe 6 Juni, 1962, ambayo mkanda wake ulidhaniwa umepotea, ilipatikana katika sahani ya majaribio ikatolewa mwaka wa 1995. Lewisohn mwenyewe aliendelea kujisahihisha. Mwaka wa 1992 alitoa kitabu kilichounganisha studio, majukwaa na redio, na mwaka wa 2013 akatoa juzuu ya kwanza ya historia ndefu, inayoishia mwaka wa 1962, ambamo alizirudia siku zile za kwanza kwa urefu. Kitabu cha marejeo kinachosahihishika kina heshima kuliko kisichosahihishika, kwa kuwa kimeonyesha wazi kilipoegemea.

Yaweza kuulizwa: haya yote yana uhusiano gani na Kiswahili? Uhusiano uko, tena si wa mbali. Mwezi wa Januari 1968 George Harrison alisafiri hata Bombay, na huko, katika studio ya HMV, akanasa ala za "The Inner Light" pamoja na wapigaji wa Kihindi. Siku hizo zimo katika daftari la Lewisohn. Miaka 40 kabla yake, katika mwaka wa 1928, Siti binti Saad wa Unguja alifika katika mji huo huo pamoja na wapigaji wake, akanasa nyimbo za Kiswahili kwa alama hiyo hiyo ya HMV, iliyokuwa mali ya Gramophone Company, kampuni iliyozaa EMI. Sahani zake zilienea pwani yote, na taarabu iliyokuwa ikiimbwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa ikasikiwa kwa Kiswahili barazani na mahotelini.

Safari hizi mbili zilifanana, lakini habari zilizobaki hazifanani. Ya Harrison yajulikana kwa siku na kwa wimbo. Ya Siti yajulikana kwa sifa. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na wasifu huo ni pambo la lugha. Lakini shabaha yake ilikuwa ni kueleza tabia na utu wa mwimbaji, si kuorodhesha sahani. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka wa 2001, alionyesha jinsi nyimbo za Siti zilivyo hazina ya historia ya watu wa Unguja, habari za mahakama na za wanawake ambazo maandishi ya serikali hayakuzisema hivyo. Janet Topp Fargion alitoa mwaka wa 2007 mkusanyo wa sahani za kale za Tanzania na Kenya, kuanzia miaka ya 1920 hata ya 1950, kutoka hazina ya maktaba ya taifa ya Uingereza. Kazi hizi zimefungua mlango. Kinachotakiwa ndani yake ni daftari: kila sahani ya Kiswahili na nambari yake, mji, siku, mwimbaji, mtunzi wa shairi, mpiga udi, mpiga fidla, mpiga tari, na tofauti za maneno baina ya sahani na wimbo kama uimbwavyo hata leo.

Daftari hilo lingekuwa na faida kwa lugha yenyewe. Sahani ya mwaka wa 1928 ni ushahidi wa matamshi ambao hakuna hati iwezayo kuutoa. Hati ya Kiarabu haionyeshi wazi irabu zote za Kiswahili, na hati ya Kirumi huandika kama walivyokubaliana waandishi. Santuri hutoa kinywa chenyewe. Lakini anayetaka kusema kwamba neno fulani lilitamkwa hivi Unguja katika miaka ile lazima kwanza athibitishe sahani ni ya mwaka gani na mwimbaji ni mtu wa wapi. Ndivyo ilivyo pia kwa mikanda ya redio ya Dar es Salaam, ambamo bendi kama Morogoro Jazz na NUTA Jazz zilinasa nyimbo zao katika miaka ya baada ya uhuru. Wapigaji wa siku hizo wamekuwa wazee, na wengi wamekwisha kufa. Mkanda ukikaa vizuri waweza kungoja. Shahidi wa tatu, yaani mtu, hangoji.

Kwa hiyo kitabu cha Lewisohn chastahili kuwekwa katika maktaba ya chuo, tena karibu na orodha za miswada kuliko karibu na vitabu vya burudani. Asiyependa muziki wa magitaa na akipitie kama apitiavyo kazi ya mhariri mzuri: atazame jinsi tarehe inavyothibitishwa, jinsi shahidi mmoja anavyopimwa kwa mwingine, na jinsi jina la mpigaji wa siku moja linavyotafutwa kwa bidii ile ile ya kutafuta jina la mashuhuri. Kisha achukue sahani moja ya Kiswahili, aisome nambari iliyo katikati yake, na aanze kuandika.